Mkwe, Toka Nje Kwanza

"Upepo unatoka?" aliuliza daktari.

Adventina alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kupimia, kitenge kimemfunika kuanzia kifuani hadi miguuni. Macho yake yalimpita mama yake, Georgina, aliyesimama upande wa kichwani, yakaenda kutua kwenye viatu vyeusi vya baba mkwe wake. Mzee Rutashobya alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

"Unatoka," alisema Adventina.

"Na choo?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana."

Georgina alishusha pumzi. Tangu alipopigiwa simu huko kwake Kibeta kwamba binti yake anatapika na tumbo linamkata, hakuwa ameonja chakula. Sasa alau kulikuwa na jibu moja zuri. Aliliona jibu lile limetoka kwa shida, aliyaona macho ya mwanawe yalikotua, lakini nani atasimama katika chumba cha daktari, mbele ya mkwe wake, aanze kumhoji binti aliyeolewa habari za choo?

"Daktari, kinachomsumbua huyu ni senene," alisema Mzee Rutashobya. "Juzi wadudu hao wameanguka wengi hapa kwetu, mabati yalikuwa hayaonekani. Watoto hawa wakakaanga sufuria zima. Zamani mwanamke alikuwa anawakamata tu na kuwanyonyoa, kula ni mume. Sasa mnakula wote, mnaona wenyewe."

Daktari, kijana aliyekuwa bado hajaota ndevu za kutosha, alicheka. Nesi wa mlangoni akacheka. Georgina naye akacheka kwa sababu mkwe ametania, na mkwe akitania unacheka.

Daktari alishika pindo la kitenge ili alione tumbo. Adventina akalikamata pindo kwa vidole vyote. Mzee Rutashobya akainua macho darini. Daktari alikuwa mtoto wa hukuhuku Muleba, alijua mkamwana hafunuliwi tumbo mbele ya baba wa mume. Akaliacha pindo, akabonyeza juu ya kitambaa, hapa, pale, upande wa chini.

"Linauma?"

"Kidogo."

"Limejaa gesi," alisema daktari. "Nitampa dawa ya gesi na ya kulainisha choo. Asipopata nafuu mumrudishe."

Mzee Rutashobya alimshukuru mara nyingi. Si kwamba alikuwa mtu wa kupenda kujiweka mbele. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe Audax, mume wa Adventina, alikuwa safarini na lori la mizigo, na yeye alikuwa ameapa kwamba mkamwana wake hatapimwa juujuu kama mtu asiye na mwenyewe. Ndiyo maana aliingia naye hadi ndani, akasimama pale hadi mwisho.

*

Nyumbani, Ephrasia alikuwa akimsubiri mgonjwa kibarazani, mtoto wa Adventina amembeba mgongoni. Huyu Ephrasia alikuwa dada yake Mzee Rutashobya, aliyerudi kwa kaka yake baada ya ndoa kumshinda, na ulimi wake ulikuwa haupumziki.

"Wamesemaje?"

"Gesi," alisema Georgina.

"Gesi! Nilisema mimi. Wasichana wa Bukoba mjini wanatafuna senene na miguu yake kama kuku. Mguu wa senene una meno, jamani waitu. Unashika ndani." Alimtazama Adventina aliyekuwa akishuka kwenye gari kwa kujikunja, akapunguza sauti. "Pole mwanangu. Njoo ulale."

Walimpa dawa. Ile ya kulainisha choo Adventina aliinywa, na haikukaa hata muda wa mtu kuosha vyombo. Ilirudi na maji ya kijani, ya kijani kama nyongo ya mbuzi, yakamwagika kwenye beseni na mengine kwenye mkeka. Georgina alifuta. Akampa tena. Aliona kama dawa imerudi basi haijafanya kazi, na kama haijafanya kazi basi iongezwe.

Maumivu yalikuwa na tabia ya ajabu. Yalikuja kama mtu anayekamua nguo, yakapanda, Adventina akauma pindo la shuka, kisha yakamwachia. Hapo aliweza hata kuongea na kumwita mwanawe. Kila yakimwachia, wote waliokuwa chumbani walisema, "Afadhali, limepungua." Kisha yanarudi. Na kila yakirudi, tumbo lilikuwa kubwa zaidi kuliko lilivyokuwa.

Mchana Ephrasia alikuja na birika la majani aliyoyachemsha, na mpira mwembamba ameuzungusha mkononi.

"Kama hayapiti juu yapitie chini," alisema. "Mama yetu alitufanyia wote, hakuna aliyekufa."

"Shangazi, subiri kwanza," alisema Georgina.

"Nisubiri nini? Tumbo lipasuke? Wewe umeona lile tumbo?"

Georgina alikuwa ameliona. Lilikuwa limevimba juu, ngozi inang'aa, na ukiligonga kwa kidole linalia kama debe. Alikuwa amelibeba tumbo lile kama lake tangu jana. Alimwona Ephrasia anaupaka mpira mafuta, akasimama kati yake na mgonjwa, asijue ni kwa nini hasa, maana hata yeye utotoni kule Nyanga alishatiwa majani kwa mpira.

"Nimpeleke uani kwanza," alisema. "Huenda kikatoka chenyewe."

*

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Adventina alimwegemea mama yake uzito wote. Walisimama mara mbili, maumivu yakipanda, na mara ya pili alishika mgomba akaukumbatia. Walipofika hakuingia. Alikaa chini kwenye majani makavu.

"Hakuna kitu mama. Najua hakuna kitu."

"Jaribu. Hata upepo tu utakupunguzia."

Adventina alianza kulia. Hakutoa sauti, machozi tu.

"Hautoki."

"Tangu dawa?"

"Tangu juzi. Tangu nilipoanza kutapika. Si upepo, si choo. Kumefunga kabisa mama, kama vile hakuna njia."

Georgina alichuchumaa akamshika kidevu. "Adventina. Asubuhi daktari amekuuliza. Nimesikia kwa masikio yangu. Umesema unatoka."

"Tata mkwe alikuwa amesimama pale."

"Kwa hiyo?"

"Ningesemaje mama? Tata amesimama miguuni pangu, mtu ananiuliza kama ninajamba. Wewe ungesema?"

Georgina alikiachia kidevu. Asingesema. Angefanya vilevile. Ndivyo alivyomlea: ukipita mbele ya baba mkwe unainama, ukimpa maji unapiga magoti, mambo ya mwili wako hayafiki masikioni mwake. Watu wa Muleba walimsifia sana kwa huyu mtoto. Waliwahi kumwambia, mkwe, umetupa binti mwenye adabu.

"Na kile kitenge?" aliuliza. "Ulikishika kwa sababu hiyohiyo?"

Adventina aliitikia kwa kichwa. Kisha yakaja tena, akajikunja, na alichotapika safari hii hakikuwa cha kijani. Kilikuwa cha kahawia na kilinuka kama choo chenyewe.

Georgina alikiangalia. Hofu aliyokuwa nayo tangu jana ilikuwa ya mtu anayesikia mlango unagongwa. Hii ilikuwa ya mtu anayeona aliyeingia.

*

Mzee Rutashobya alikuwa sebuleni, redio mbele yake ameipunguza sauti. Alimwona Georgina amesimama mlangoni, gauni limelowa matapishi, akanyanyuka.

"Mkwe, vipi? Dawa imefanya kazi?"

Njiani kutoka uani Georgina alikuwa amepanga maneno. Alipanga aseme hali imebadilika, aseme mtoto anahitaji vipimo zaidi. Maneno ya heshima yalikuwepo mengi, lakini yote yalikuwa marefu, na alijua akiyatumia mzee atamjibu kwa utaratibu huohuo, wataanza kushauriana, watampigia Audax simu, simu ya Audax haitapatikana, na kule nyuma mtoto yuko chini ya mgomba.

"Mkwe, mtoto hajambi," alisema.

Ephrasia, aliyekuwa anatoka jikoni na birika lake, alisimama. "Mawe, mama yangu!"

"Hajambi, hanyi, tangu juzi. Asubuhi alimdanganya daktari kwa sababu wewe ulikuwa umesimama pale. Hakuweza kusema mbele yako. Na tumbo hawakulifunua kwa sababu yako. Hawakuona kitu wale, mkwe. Wamepapasa kitenge. Sasa anatapika mavi."

Alipomaliza masikio yalikuwa yanamlia. Hakuwahi kulitamka neno lile mbele ya mwanaume yeyote, hata marehemu mume wake. Alitazama chini, akasubiri kufukuzwa au kupigiwa kelele.

Mzee Rutashobya alizima redio. Akaangalia viatu vyake.

"Kwa sababu yangu," alisema.

"Mkwe, sikuwa na maana ya..."

"Ephrasia, mwaga hayo majani." Alikuwa tayari ameshika simu. "Protase? Lete gari. Hapana, si Muleba mjini, tunakwenda Bukoba. Sasa hivi. Kama una abiria washushe."

*

Katika hospitali ya Bukoba daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani ameipandisha kichwani. Kabla hajasema lolote Mzee Rutashobya, aliyemsaidia Protase kumbeba mgonjwa kutoka kwenye Probox, alirudi nyuma kwa hatua kubwa.

"Mimi nipo nje," alisema. "Mwulize chochote daktari. Mimi sipo." Akafunga mlango mwenyewe.

Adventina alisema yote. Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo. Daktari akaondoa kitenge, akatazama, kisha akapitisha kidole chini ya kitovu, kwenye mstari uliokuwa umelala pale mweusi na kung'aa.

"Hili kovu?"

"La uzazi," alisema Georgina. "Mwaka jana. Mtoto alikaa vibaya wakampasua."

"Mliwaambia kule mlikotoka?"

"Hawakuuliza. Na sisi..." Georgina alitafuta neno. "Lilishapona daktari. Lilipona vizuri kabisa, hata usaha halikutoa."

"Nje lilipona." Daktari aliweka kipimo chake masikioni, akasikiliza tumbo kwa muda, uso umetulia. "Sikiliza mama. Mtu akipasuliwa tumbo, ndani mwili unajishona wenyewe, na wakati mwingine unatoa nyuzi. Nyuzi za kovu. Wengi wanaishi nazo hadi uzee bila kujua. Lakini uzi mmoja ukikatiza vibaya, utumbo unapita chini yake unabanwa. Umeshawahi kufunga mzigo kwa kamba ya mgomba?"

"Kila siku."

"Basi chukua mpira wa maji, ufunge katikati kwa kamba ile. Ndivyo alivyo mtoto wako ndani. Inaweza kutokea wiki moja baada ya kupasuliwa, inaweza kutokea baada ya miaka ishirini. Wengine ni ngiri inabana, wengine utumbo unajisokota, wengine ni uvimbe. Lakini nikiona kovu la zamani na tumbo kama hili, kovu nalishuku kwanza."

"Na senene?" aliuliza Georgina.

"Senene hawana kesi. Wangepita kama walivyopita kwenu wote. Amekunywa nini?"

Georgina alitaja dawa ya kulainisha choo. Alitaja mara ngapi. Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja.

"Ule mpira uliofungwa kamba," alisema. "Ukifungulia maji kwa nguvu, nini kinatokea?"

Georgina alijua kinachotokea. Alishika ukingo wa kitanda, akawaza lile birika la majani na mpira uliopakwa mafuta, jinsi ulivyokuwa unang'aa mkononi mwa Ephrasia.

Walimpitishia Adventina mpira puani hadi tumboni, ukaanza kutoa uchafu ndani ya mfuko. Wakamwekea dripu, wakampiga picha. Picha iliporudi daktari hakuiangalia kwa muda mrefu.

"Tungeweza kusubiri na mpira huu tuone kama kutafunguka kwenyewe. Wengi hufunguka. Lakini huyu amechelewa, ana homa, na tumbo limeanza kukaza. Tunaingia."

"Mumewe hapatikani," alisema Georgina. "Baba mkwe yupo nje, aje asaini?"

"Anasaini mwenyewe. Ni mtu mzima."

Adventina aliandika jina lake polepole, herufi zikipanda na kushuka. Wakati wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji alipita mbele ya Mzee Rutashobya kwenye korido. Mpira umetoka puani, nywele zimesimama, miguu iko wazi hadi magotini. Alijaribu kuvuta shuka. Mzee akageukia ukuta.

"Nenda mwanangu," aliuambia ukuta. "Sikuoni. Nenda."

*

Walikaa kwenye benchi. Mzee alitoa mfukoni punje za kahawa za kutafuna, akampa Georgina, naye akazishika mkononi hadi zikalowa jasho. Mara moja tu mzee alisema, "Mimi nilidhani nikisimama pale watamheshimu," na Georgina akaitikia, "Najua mkwe."

Kila mlango ulipofunguka Georgina aliinuka. Alitoka mtu na ndoo. Alitoka mtu anaongea na simu anacheka, na Georgina alimchukia kwa kicheko kile. Alijaribu kusali, sala ikawa inaishia kwenye neno moja, mtoto, mtoto, kisha inaanza upya. Alikuwa anamwona Adventina akiwa mdogo anakimbia na debe la maji kichwani, kisha anamwona amelala, na kamba ya mgomba ikiwa imemzunguka kiunoni, inakaza.

Daktari alipotoka miwani ilikuwa machoni.

"Ilikuwa kamba kweli. Moja tu, nyembamba, unaweza kuikata kwa ukucha. Utumbo uliobanwa ulikuwa umegeuka rangi kama zambarau. Tuliukata uzi, tukaweka vitambaa vya moto, tukasubiri. Rangi imerudi. Sikukata utumbo." Aliipandisha miwani kichwani. "Mngekuja kesho, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Georgina alitaka kusema asante. Akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili.

"Bado," alisema daktari. "Tunasubiri upepo. Ukitoka, njia imefunguka. Msimpe chochote hadi utoke."

Basi wakasubiri upepo. Wodi nzima ya wanawake ilisubiri. Jirani wa kitanda cha kushoto, Annastella, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kizazi, kila akiamka alipaza sauti, "Wa Muleba! Bado?" na Adventina anajifunika uso kwa shuka.

"Usione haya mwanangu, humu ndani huo ndio wimbo wetu," Annastella alimwambia. "Mimi wangu ulipotoka nilimpigia simu mchungaji."

Mzee Rutashobya alifikia kwa jamaa zake Maruku. Alikuja kila saa ya kuona wagonjwa na hakuvuka mlango. Alisimama nje penye dirisha, mgongo kwa wodi, anamwita Georgina. "Vipi ile habari?" "Bado mkwe." Alitikisa kichwa akaondoka.

Siku ile habari yenyewe ilipotokea mzee alikuwa amesimama palepale dirishani. Haikuwa sauti ya kumtisha mtu, lakini wodi ilikuwa kimya na dirisha lilikuwa wazi. Georgina aliona mgongo wa mkwe wake unakakamaa. Annastella akapiga kigelegele, akashika mshono wake, "Uwii, naumia!" na bado akapiga cha pili.

Adventina alikuwa amekodoa macho. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. Alimtazama mama yake, kisha akatazama dirisha.

"Tata," aliita.

Mgongo haukugeuka. "Ndiyo mwanangu."

"Upepo umetoka."

Mzee Rutashobya alivua kofia. "Wakola," alimshukuru kwa Kihaya, taratibu, akiwa bado anatazama nje. "Wakola mwanangu." Kisha akakaa chini penye saruji, mzee mzima na suruali yake ya kanisani, na wapita njia wakawa wanamzunguka.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaambia jambo ambalo Georgina hakulitaka. Upasuaji huu nao ni upasuaji. Nao unaacha nyuzi. Huenda yasitokee tena kamwe, na huenda yakatokea. Maumivu yanayokuja na kuondoka, kutapika, tumbo kuvimba, upepo kukatika: asinywe dawa, asitiwe majani, aletwe mbio, na kovu litajwe kabla ya jina.

*

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Georgina alikuwa shambani kwake Kibeta, anang'olea kahawa magugu, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mzee Rutashobya, na mzee si mtu wa kupiga simu asubuhi.

"Mkwe, usishtuke," alisema mzee. Georgina akashtuka. "Mkamwana ameamka anasema tumbo linamsokota."

"Anatapika?"

"Hapana."

"Ametoa upepo?"

Kisha alimsikia mzee anaita kwa sauti ya nguvu, hadi mbali, "Adventina! Mama yako anauliza, upepo umetoka?" Na kwa mbali sauti ya binti yake, ya haraka, ya adabu: "Ndiyo Tata!"

"Anasema umetoka, mkwe."

Jembe lilikuwa limeshamdondoka Georgina. Alilijua jibu lile. Aliwahi kulisikia katika chumba cheupe huko Muleba, likitoka vilevile.

"Mpe simu," alisema. "Halafu mkwe, nisamehe. Toka nje kwanza."

Mzee hakuuliza. Zilisikika hatua zake, kisha mlango wa bati ukafungwa, kisha pumzi za Adventina karibu kabisa na sikio.

"Ametoka?"

"Ametoka mama."

"Sasa niambie."

"Umetoka mama. Kweli. Usiku, na asubuhi hii tena. Nadhani ni maharage tu."

Mvua ilikuwa inamwingia Georgina shingoni. Alishika tawi la mbuni kwa mkono wa pili, akalishika sana.

"Rudia," alisema.